Jinsi ya kuandika maadui wa zamani wanaoanza kuaminiana kwenye katuni, mpaka mtazamaji akubali

Kama unaandika katuni hapa Uganda, iwe filamu fupi ya dakika tano au sizoni nzima, kuna sini moja karibu kila mtu anaiweka: adui anamwokoa steringi, steringi anasema asante, wanapeana mkono, sini inayofuata wanacheka pamoja wanakula rolex, ile chapati ya mayai. Mtazamaji anaiangalia na moyoni anasema hapana. Na hapa kwetu anasema hapana haraka, kwa sababu watu wengi wanajua kabisa ilivyo kuishi karibu na mtu aliyekuwa adui. Tangu sheria ya msamaha ya mwaka 2000 maelfu ya watu walitoka msituni wakarudi nyumbani, Gulu, Kitgum, Pader, wakawa wanachota maji kisima kimoja na watu walioumizwa na ile vita ya waasi wa LRA huko kaskazini, na wengi wao walichukuliwa wakiwa watoto wadogo, kwa hiyo hata swali la nani alimkosea nani si jepesi. Mtu aliyeishi hivyo huwezi kumuuzia urafiki wa sini mbili.

Mimi hizi stori nazipenda kuliko mapigano, kuliko uchawi, kuliko kitu chochote kingine ambacho katuni inaweza kufanya, ndiyo maana nataka tuziandike vizuri. Na kuna kitu kimoja ukikishika mengine yanafuata: imani inaonekana pale mtu anapompa mwenzake nafasi ya kumuumiza, na mwenzake anaiacha ipite. Machozi, hotuba, kukumbatiana, hizo zote zinaweza kuja au zisije. Ile nafasi ndiyo lazima iwepo na mtazamaji aione kwa macho yake.

Anza na deni

Kabla hujaandika neno lolote la urafiki andika deni. Nani alimfanyia nani nini, na ni kitu gani hasa kilipotea. Usiandike "jeshi lake liliharibu kijiji", manake kijiji kizima ni kikubwa mno, hakuna mtu anayekililia. Andika kwamba alichoma ghala la mtama ambalo mama wa msichana alikuwa amelijaza msimu mzima, na chini ya lile ghala kulikuwa na kuku anaatamia mayai. Huyo kuku ndiye watu watamkumbuka mpaka mwisho wa filamu.

Tuchukue mfano wetu wenyewe tuujenge pamoja. Amongin ni msichana wa Katakwi, huko Teso. Lokiru ni kijana mchungaji kutoka upande wa Karamoja. Watu wa Katakwi wanajua wizi wa ng'ombe, kuna miaka familia nyingi ziliacha mashamba yao zikaenda kuishi kambini kwa sababu ya mashambulizi. Lokiru alikuwa kwenye kundi lililochukua ng'ombe wa baba yake Amongin na kuchoma lile ghala. Basi, hilo ni deni la upande mmoja, na hapa naomba sana, msimchore Mkaramojong kama jitu lisilo na akili linalokuja usiku na bunduki, hiyo picha imechorwa vya kutosha na inaumiza watu. Mpe Lokiru deni analodai na yeye: ng'ombe wa kwao walichukuliwa, kaka yake akaenda kuwafuata na hakurudi. Deni likiwa upande mmoja unabaki na mkosaji na mtakatifu, na mtakatifu hana la kupoteza, kwa hiyo hata akifungua moyo wake hakuna hatari yoyote.

Na kama unataka kujua mambo yafuatane vipi angalia mato oput ya Waacholi. Watu wengi wanajua ule mwisho tu, pale pande mbili wanapokunywa ule mzizi mchungu kwenye kibuyu kimoja, kwa sababu ndiyo sehemu inayopendeza kwenye picha. Lakini kunywa kunakuja mwisho kabisa. Kabla ya hapo ukoo wa aliyeua na ukoo wa aliyeuawa wanakaa mbalimbali, wazee wanaenda na kurudi, ukweli unasemwa, mkosaji anakubali alichofanya, fidia inalipwa. Inaweza kuchukua muda mrefu sana. Sasa skripti nyingi zinaanzia kwenye kibuyu. Ukiona stori yako imeanzia hapo rudi nyuma uulize: ukweli ulisemwa wapi? fidia ni nini?

How to Train Your Dragon ya mwaka 2010 inafuata mpangilio huohuo bila kuutaja. Kijana Hiccup anamwangusha joka Toothless kutoka angani na kwa kumwangusha anampotezea nusu ya mkia, joka haliwezi kuruka tena. Hilo ndilo deni, na liko kwenye mwili, unaliona kila sini. Baadaye Hiccup anatengeneza kipande cha mkia kwa mikono yake, na hiyo ni fidia, lakini angalia vile fidia yenyewe inawafunga pamoja kwa sababu Toothless hawezi kuruka bila Hiccup kuukanyagia ule mkia. Deni zuri linakupa plot bure.

Kila mmoja analinda nini

Adui wa zamani haaminiki mara moja kwa sababu mwili wako bado unamkumbuka. Unakaa karibu na mlango. Unakula haraka. Hulali kabla yake. Hivi ndivyo vitu vya kuandika, vidogo, vya mwili, kwa sababu katuni haina uso wa mwigizaji wa kukusaidia, usipochora hakuna kitu.

Kwa Lokiru mimi ningetumia ekicholong, kile kigoda kidogo cha mbao ambacho wanaume wa Karamoja wanatembea nacho, mchana unakikalia, usiku unalaza kichwa juu yake. Kiangalie kwa karibu: juu kimelainika na kung'aa kwa sababu ya miaka ya kukaliwa na kulaliwa, kuna kamba ya ngozi ya kukibebea, na ukilala juu yake kichwa kiko juu ya udongo kidogo, si usingizi wa kujitupa. Sasa mweke Lokiru usiku wa kwanza mbali na Amongin, moto katikati, kichwa juu ya kigoda, fimbo chini ya mkono, macho nusu wazi. Usiku mwingine kigoda kimesogea upande huu wa moto. Usiku mwingine tena Amongin ana homa, Lokiru anamwekea kile kigoda chini ya kichwa, yeye analala chini kwenye mchanga bila kitu na mgongo wake umeelekea kwa Amongin. Mgongo! Hapo hujaandika hata mstari mmoja wa maongezi, lakini mtazamaji ameshajua kwamba huyu kijana amempa huyu msichana nafasi ya kumchoma kisu, na anajua msichana kisu anacho kwa sababu ulimwonyesha sini ya pili akikitumia kumenya muhogo.

Amongin naye mpe cha kulinda. Labda hataki Lokiru ajue ng'ombe waliobaki wamefichwa wapi. Siku atakapomtuma aende kuwanywesha maji peke yake, hiyo ni kubwa kuliko "nakusamehe" mia.

Na kama mtu atakwambia ng'ombe na wachungaji si mambo ya katuni usimsikilize, Raymond Malinga wa hapahapa Uganda alitengeneza Herderboy, mojawapo ya filamu fupi za Kizazi Moto, ule mkusanyiko wa katuni za Afrika wa mwaka 2023, na mchungaji yumo mpaka kwenye jina la filamu.

Ile sini yenyewe, pale mkono unanyooshwa

Rudi kwa Hiccup na Toothless. Kuna vitu viwili pale ambavyo kila mwandishi anapaswa kuvisoma fremu kwa fremu. Cha kwanza, joka linaona kisu kiunoni kwa Hiccup linanguruma, Hiccup anakitoa, anakiangusha, halafu anakipiga teke kinaenda majini. Kukiangusha tu kusingetosha, manake kisu kilicho chini kinaweza kuokotwa. Cha pili, akishajaribu kumgusa ikashindikana, anageuza uso pembeni, ananyoosha mkono, anasubiri. Haoni. Hajui kama atang'atwa. Na ile nafasi ya mwisho kati ya kiganja na pua ya joka, haivuki yeye, anaivuka Toothless.

Hiyo ndiyo kanuni ninayoitumia kila mara: aliyekosea au mwenye nguvu anasogea mpaka karibu, halafu anasimama, na ile hatua ya mwisho inabaki ya aliyeumizwa. Ukimfanya mkosaji avuke yote, umemfanya alazimishe msamaha. Na ukimfanya aliyeumizwa atembee njia yote peke yake umemuumiza mara ya pili, banange, na watu wanalihisi hilo hata kama hawawezi kukuelezea ni nini kimewakera.

Maneno

Maongezi yawe machache na mikono iwe na kazi. Watu wa kwetu wanasema mambo mazito wakiwa wanafanya kitu, wanamenya karanga, wanachambua simsim, wanatengeneza boda iliyokufa njiani. Ukiwakalisha wahusika wakitazamana macho kwa macho wakasema "mimi niliumia sana utotoni" hiyo umeitoa kwenye filamu za watu wengine, na pia kwenye nyumba nyingi za hapa kijana hamkazii macho mtu anayemheshimu, kuinamisha macho ni heshima na wakati mwingine ni aibu, kwa hiyo una kitu kizuri cha kuchora, macho yanayoshuka, na siku moja yanayopanda.

Siri isitoke bure, lazima kuna kitu kimeivuta. Kwenye Zootopia ya mwaka 2016 Nick yule mbweha hamwambii Judy, yule sungura polisi, habari za utotoni mwake mpaka amemwona Judy akidhalilishwa na bosi wake mbele yake, na yeye Nick akasimama kumtetea. Ndipo wakiwa peke yao anamwambia vile alivyotamani kujiunga na skauti akiwa mdogo, wenzake wakamshika wakamfunga mdomo kwa kile kifungio cha wanyama wakali. Amemwona akiwa chini ndiyo naye akashuka.

Halafu angalia kitu kinachofuata, kwa sababu hapo ndipo ile filamu ina akili. Judy anaenda mbele ya waandishi wa habari anasema maneno ya kuwafanya wanyama wala nyama waonekane ni hatari kwa asili yao, Nick anamuuliza kama anamwogopa, anajifanya kama anamrukia, na mkono wa Judy unaenda kwenye ile dawa ya kufukuzia mbweha aliyoibeba kiunoni. Mkono umejibu kabla ya mdomo. Ile siri aliyopewa imegeuka kisu.

Kwa wetu: Lokiru amemwambia Amongin habari za kaka yake, kwa kifupi, akiwa anasokota kamba. Siku mbili baadaye wanagombana juu ya ndama aliyepotea na Amongin, kwa hasira, anasema "ndiyo maana kaka yako hakurudi." Basi. Usiongeze kitu. Acha kamba ianguke.

Irudishe nyuma, na usiwape watu wote mwendo mmoja

Imani inayopanda tu moja kwa moja haina ladha. Lazima ivunjike angalau mara moja, na ivunjike kwa kutumia kilekile kilichotolewa. Anayeijua Avatar: The Last Airbender, iliyoanza 2005 ikaisha 2008, anakumbuka pango chini ya Ba Sing Se: Katara, rafiki wa Aang yule shujaa, anamsikiliza Zuko, mwana wa mfalme aliyekuwa akiwawinda, anamwonea huruma, anagusa lile kovu usoni, anamwambia ana maji ya pekee ambayo labda yanaweza kumponya. Muda mfupi baadaye Zuko anachagua upande wa dada yake, Aang anapigwa radi, na yale maji Katara aliyotaka kumpa Zuko ndiyo anayotumia kumrudisha Aang. Fikiria. Alikuwa karibu kuyamwaga kwa adui.

Kwa hiyo Zuko anapokuja baadaye kuomba kujiunga nao, kila mmoja ana mwendo wake. Toph, msichana mwingine wa kundi la Aang, ndiye anayemtetea mapema, na hata baada ya Zuko kumuunguza miguu kwa bahati mbaya bado anasema wamchukue, na inaeleweka kwa sababu Zuko hakuwa amemwinda yeye tangu mwanzo kama alivyowawinda wenzake. Katara ndiye wa mwisho. Anamwambia kabisa kwamba akiteleza mara moja tu atamalizana naye. Na anapokuja kumsamehe, hotuba haihusiki, ni baada ya Zuko kumsindikiza kumtafuta mtu aliyemuua mama yake na kumwachia yeye mwenyewe aamue la kufanya. Hii ni kwa nyinyi mnaoandika kundi: usiwafanye watu wote wamkubali mtu mpya siku moja. Kila mmoja anasamehe kulingana na deni lake. Kwa Amongin kuna mama yake, ghala lilikuwa la mama, na mama anaweza asikubali mpaka filamu inaisha, akawa anamwekea Lokiru chakula lakini kwenye sahani ya peke yake, mbali kidogo na wengine. Hiyo ni sawa kabisa. Usimlazimishe mama.

Kuna na ule upande mwingine, msamaha unaokuja kabla hujamaliza kuomba. Zuko huyohuyo anakaa anamsubiri baba yake mkubwa, Iroh, aamke, amejaa aibu, anaanza kusema samahani, na mzee anamvuta kumkumbatia maneno hayajaisha. Inafanya kazi kwa sababu moja, tumeona kwa muda mrefu kwamba Iroh hakuacha kumpenda. Adui wa juzi ukimfanyia hivyo inakuwa uongo.

Kwenye mchoro

Sasa habari njema kwa sisi wenye kompyuta moja na umeme unaokatika: sini za namna hii ni za bei rahisi. Animesheni nyingi zinaenda fremu 24 kwa sekunde, na ukiacha kila mchoro ukae fremu mbili unachora michoro 12 kwa sekunde. Mapigano yanakula hiyo michoro yote. Lakini mtu aliyesimama akisubiri kuguswa, sekunde mbili, fremu 48, unaweza kuishika kwa mchoro mmoja, ukaongeza kope zinazofumba mara moja na bega linalopanda kwa pumzi. Usiiache iwe imekufa kabisa, pumzi iwepo. Na usiikate mapema kwa kuogopa watu watachoka. Kimya chako kikikutisha ukiwa unaedit, ongeza fremu nyingine 12 uone.

Kwenye storibodi, yaani ile michoro ya kupanga sini moja baada ya nyingine, chora ile nafasi kati yao wawili kama vile nayo ni mhusika. Mimi naweka storibodi zote za hao wawili kwenye ukuta mmoja na kuangalia nafasi tu, sisomi maongezi. Ikiwa inapungua polepole, inaruka kuwa kubwa walipogombana, halafu inapungua tena lakini kwa upande mwingine, yaani safari hii ni yule mwingine anayesogea, basi stori ipo. Ikiwa wamesimama umbali uleule kutoka mwanzo hadi mwisho, hata maneno yawe matamu vipi, hakuna kilichotokea.

Sauti, kama unaweza, warekodi waigizaji wawili chumba kimoja kwa hizo sini, hata kama nyingine zote umerekodi mmojammoja, ili mmoja akisita mwingine asite naye. Na angalia wanavyoitana. Mwanzo ni "wewe", au "huyu" kana kwamba hayupo. Jina liweke akiba. Mara ya kwanza Amongin anamwita Lokiru kwa jina lake iwe ni mahali ambapo amesahau kujizuia, kama vile anamwonya nyoka yuko karibu na mguu wake.

Halafu VJ. Filamu nyingi watu wanaziona zikiwa zimetafsiriwa na VJ, VJ Junior, VJ Emmy na wengine, kwenye kibanda au kwenye simu, na VJ anaongea juu ya filamu, anaeleza, anaongeza chumvi, ndiyo raha yake. Maana yake kile kimya chako kinaweza kujazwa maneno. Kwa hiyo usitegemee kimya peke yake, kila kimya kiwe na kitu kinachotendeka mbele ya macho, kisu kinaingia majini, kigoda kinasogea, ili hata kelele zikiwepo mtu bado aone.

Ukiwa na dakika chache, na jinsi ya kujipima

Kwa filamu ya dakika tano usijaribu safari nzima. Chagua hatua moja tu, kutoka kutoaminiana kabisa mpaka kulala upande mmoja wa moto, uishie hapo. Msamaha, mama, kaka, hizo ni za filamu nyingine. Kwa episodi kumi unaweza kuvunja imani kwenye ya sita au ya saba na bado ukabaki na nafasi ya kulipa fidia polepole, ila usilipe kwa tukio moja la kuokoa maisha. Kuokoa maisha kunafanywa kwa haraka ya mwili, hata mtu anayekuchukia anaweza kukuvuta usigongwe na taksi. Kulipa kunataka mtu arudi kesho, na kesho kutwa, bila kuitwa.

Ukimaliza rafu, yaani toleo la kwanza ambalo bado halijasafishwa, itafutie watu ambao hawajasoma skripti, wazee wawepo, wasiwe wasanii wenzako tu. Simamisha filamu kila baada ya sini ya hao wawili uulize swali moja: sasa hivi, huyu ungemwacha alale nyumba moja na mtoto wako? Usiulize kama wameipenda, watakujibu kwa adabu. Andika jibu la kila sini. Mwanzo unataka hapana, katikati unataka wabishane wao kwa wao, na baada ya usaliti unataka hapana ya hasira. Mwisho ukipata "labda, kama mimi niko" umefanya kazi nzuri sana. Na ukipata hapana mahali ulipotaka ndiyo, usikimbilie kuongeza maongezi kwenye hiyo sini, rudi kwenye deni uangalie kama lilisemwa na kama kuna kitu kimelipwa, manake mara nyingi tatizo liko huko mwanzoni.